Penelope mwacheni, na huyo mbwa msimlete hapa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Nyegezi aliyeandika juu ya tenzi za kale za Wagiriki na mambo ya watu kujificha na kujibadilisha sura humo ndani, yule aliyefunga barua yake kwa kusema ati hata mbwa alimtambua Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca aliyerudi toka vitani amejificha, ila mke wake wa ndoa, Penelope, akashindwa, kwa hiyo wanaume tusafiri tukijua tunachokiacha nyumbani. Hapa Mwaloni Kirumba hiyo barua imesomwa kuliko matokeo ya mpira. Wiki hii ni mbalamwezi, dagaa hakuna, watu tumekaa tu mizani imelala, gazeti limepita mkono kwa mkono mpaka limechanika katikati, na kila mwanaume akimaliza kulisoma ananigeukia mimi utafikiri Penelope ni dada yangu tumbo moja. Sasa mimi hicho kitabu, Odyssey, nimekisoma, tafsiri ya Kiingereza, kwenye simu, jioni nikishafunga hesabu, sehemu zote 24 mpaka mwisho, na nasema kaka yangu wa Nyegezi amesoma kipande cha mbwa akaishia hapohapo.

Tuanze na hesabu. Ameandika Odysseus alikaa nje miaka 10. Ni 20 kaka. Vita ya Troy miaka 10, njia ya kurudi miaka 10 mingine, na katika hiyo ya kurudi miaka 7 mizima alikuwa kisiwani kwa Calypso, mungu wa kike, usiku analala kwake, mchana anakaa ufukweni anatazama maji analia kwao. Hiyo 7 kwenye barua yako haimo, sijui nafasi ilikuwa imeisha.

Halafu hiyo sura yenyewe ambayo mke "ameshindwa" kuitambua. Huyu mtu hakurudi Ithaca na uso wake. Alipofika tu pwani, mungu wao Athena akamgusa na fimbo, ngozi ikasinyaa, nywele zikapukutika, macho yakafifia, akamvika matambara yananuka moshi na mfuko wa ombaomba umetoboka matobo, akamwambia kabisa usimwambie mtu, mwanaume wala mwanamke, kwamba umerudi. Mwanae Telemachus alipomwona baba yake, Athena akiwa amemrudishia sura yake kule kwa mchunga nguruwe, alidhani ni mungu, akageuza uso kwa woga, ikabidi aelezwe. Eumaeus, huyo mchunga nguruwe, mtumishi aliyemlilia bwana wake miaka yote, alimpikia akampa na joho la kujifunika usiku asijue anampikia nani. Mbona hao hamuwasemi? Mke tu ndo amewakaa kooni.

Na msisahau alivyoonywa. Kule kuzimu alikutana na roho ya Agamemnon, yule mkuu wao wa jeshi aliyerudi nyumbani kwa shangwe tarumbeta mkononi tuseme, akauawa na mkewe na mwanaume wa mkewe. Huyo ndo akamwambia Odysseus, ukifika kwenu ingiza chombo kwa siri, wanawake siku hizi hawaaminiki. Yaani mtu mmoja amepatwa na yake, basi nyumba nyingine zote zimeshahukumiwa. Kwa hiyo Odysseus anakuja kumpima mkewe akiwa na maneno ya marehemu masikioni, na mke hajui kama yuko kwenye mtihani.

Sasa kuhusu mbwa.

Argos kweli alimjua, na hicho kipande sina ubishi nacho, nililia. Amelala juu ya lundo la samadi nje ya lango, kupe wamemjaa, hakuna anayemjali, anasikia sauti, anatikisa mkia na kuangusha masikio yote mawili lakini nguvu ya kusogea hana, na Odysseus anageuka pembeni anafuta chozi Eumaeus asimwone, anauliza kwa sauti ya kawaida tu ati huyu mbwa alikuwa wa mbio au wa mapambo. Halafu mbwa akafa. Angalieni hapo. Alimjua akafa hapohapo, siri ikafa nayo. Mbwa hana wa kumwambia, hana mtoto anayewindwa, hana wanaume 108 sebuleni. Na ndo idadi yao hiyo, mwanae mwenyewe anamhesabia baba yake kisiwa kwa kisiwa, 52 kutoka Dulichium, 24 Same, 20 Zakynthos, 12 wa hapohapo Ithaca, wote wanakula ng'ombe wa watu na kunywa divai ya watu wakingoja mama achague mmoja. Walishapanga kumuua Telemachus, wakaenda kumvizia na meli kwenye mlango wa bahari kati ya visiwa. Humo ndani mtu akiropoka jina la Odysseus kabla ya saa yake, anaua watu watatu kwa mpigo.

Mnataka kuona kumtambua kwa sauti kunafananaje? Someni sehemu ya 19, Eurycleia, yule yaya mzee aliyemlea. Ameambiwa amuoshe miguu mgeni. Odysseus anajisogeza kwenye giza, mbali na moto, kwa sababu ghafla amekumbuka ana kovu juu ya goti, la nguruwe mwitu aliyemchana akiwa kijana huko Parnassus kwa babu yake. Haikusaidia. Bibi hakuhitaji macho, mkono umepita kwenye kovu, ameujua mguu, ameuachia, mguu umeangukia beseni, beseni la shaba limelia na kulala ubavu, maji yote chini. Bibi anacheka na kulia pamoja, anashika kidevu cha mtoto wake, anasema ni wewe. Na yule mtoto wake aliyenyonya kwake anamkaba koo! Kwa mkono wa kulia anamkaba, wa kushoto anamvutia karibu, anamwambia ukisema nitakuua na wewe pamoja na wajakazi wengine, hata kama ulininyonyesha. Hiyo ndo zawadi ya kumtambua. Kaka yangu wa Nyegezi anataka Penelope naye angenyanyuka aruke aseme mume wangu, mbele ya wajakazi ambao baadhi yao wanalala na haohao wanaume wa sebuleni.

Ninachosema mimi, na hapa ndo nilitaka kufika, ni kwamba katika utenzi mzima mtu anayejua kujificha kuliko wote ni huyo mama, na hakuvaa matambara wala hakuguswa na fimbo ya mtu. Odysseus kujificha kwake kunataka mungu, kunataka nguo, kunataka uongo mrefu (wengi anaokutana nao anawaambia ametoka Krete, kamwambia hadi Athena mwenyewe, Athena akatabasamu akampapasa kwa mkono kama mtu anayemsikia mwanafunzi wake mtundu). Penelope amejificha uso wake ukiwa wazi, nyumba imejaa, kila siku, kwa miaka.

Ile hadithi ya sanda wote mnaijua, nipite haraka. Aliwaambia subirini nimalize kufuma sanda ya baba mkwe, Laertes, nisije nikasemwa na watu mzee mwenye mali amezikwa bila kitambaa, mchana anafuma, usiku kwa mwanga wa mienge anafumua, miaka 3 wameliwa vichwa, wa 4 mjakazi mmoja akamchoma wakamfumania. Lakini sehemu ya 18 haisimuliwi sana na kwangu ndo tamu zaidi. Mama anashuka ngazi, amependeza, magoti ya wanaume yanalegea, anawaambia kwa upole kabisa jamani zamani mtu akimposa mwanamke analeta vitu, hali vya mwenye nyumba bure. Basi! Kila mmoja akatuma mtumishi wake. Antinous kaleta gauni lenye vifungo 12 vya dhahabu, Eurymachus mkufu wa dhahabu na kaharabu, mwingine hereni. Mama akapanda juu, wajakazi nyuma wamebeba mizigo. Na yule ombaomba kule pembeni, utenzi unasema alifurahi, kwa sababu ameona anavyowavuta zawadi kwa maneno laini huku moyoni ana mpango mwingine. Amemuelewa. Hapo nilicheka peke yangu kama chizi, mume na mke wanafanya kazi moja kwenye chumba kimoja na hawajasalimiana.

Ndo tuje kwenye usiku ule wenyewe walipokaa kwenye moto, yeye na mgeni, ambao mnasema hakujua. Tuone alikuwa ameshasikia nini mpaka saa hiyo. Siku ileile Theoclymenus, mtabiri aliyekuja na mwanae, amemwapia kwamba Odysseus yuko ndani ya nchi tayari, amekaa mahali au anatembea, anawapangia ubaya wanaume hao. Halafu anatokea mgeni. Anamtega: kama kweli ulimkaribisha mume wangu kwenu Krete, alivaa nini? Mgeni anataja joho la zambarau, bizimu ya dhahabu yenye mbwa amemkaba mtoto wa paa, na msaidizi wake Eurybates, mwenye mabega ya mviringo, mweusi wa ngozi, nywele za kipilipili (eeh, yumo humo mtu mweusi, na utenzi unasema Odysseus alimheshimu kuliko wenzake wote, hilo nalo mngeliandikia barua). Penelope analia, bizimu ile aliibana yeye kwa mkono wake. Halafu mgeni anaapa kwamba Odysseus atarudi mwezi huu ukimalizika na mwingine ukianza, yaani kwenye giza. Sisi wa dagaa giza tunalijua maana yake, ndo wakati wa kazi, taa zinawashwa ziwani na kila mtu anajua leo kuna kitu kinatoka, na sidhani kama mwanamke wa kisiwani, mwenye mume baharia, alihitaji kutafsiriwa.

Halafu anamwita yaya aoshe miguu, na anasema mwenyewe, labda na Odysseus sasa hivi miguu na mikono yake iko hivi, maana shida inazeesha mtu upesi. Yaya naye anadakia, wageni wamekuja wengi hapa ila sijaona aliyefanana na Odysseus kama wewe, umbo, sauti, miguu. Kaisema hiyo, mama amekaa palepale! Na mgeni anajibu kwa ukavu, ndiyo bibi, wote waliotuona wawili wanasema hivyohivyo. Halafu ndo beseni linaanguka. Hapo nakubali, utenzi unasema Athena aligeuza mawazo ya Penelope asione, yaya alimtazama akitaka kumpa ishara na yeye hakutazama. Sawa. Mwenzangu akitaka kushika mahali ashike hapo, ni pazuri kuliko pa mbwa.

Lakini angalia kinachofuata. Beseni limeinuliwa, miguu imepakwa mafuta, mama anamwambia mgeni ndoto. Ana mabata bukini 20 wanakula ngano nyumbani kwake, anapenda kuwaangalia, akaja tai mkubwa akawavunja shingo wote, kisha tai akakaa juu ya paa akasema kwa sauti ya mtu, mabata ni wale wanaume, na mimi nilikuwa tai sasa ni mume wako, nimerudi. Ndoto gani inayojitafsiri yenyewe mpaka mwisho halafu unamwomba mgeni ombaomba akutafsirie? Mgeni anajibu, maana yake ni hiyohiyo aliyoisema Odysseus. Na mama anasema mh, ndoto nyingine ni za uongo, ila kesho nitaweka mashindano, atakayevuta upinde wa Odysseus na kupitisha mshale kwenye mashoka 12 ndiye ataondoka na mimi. Mgeni anamwambia usichelewe, weka kesho. Miaka mingapi amewazungusha hao wanaume, kwa nini aufungue mlango huo usiku huu, na mtihani wenyewe uwe kitu ambacho anajua ni mtu mmoja tu duniani anakiweza, na silaha yake iletwe sebuleni na yeye mwenyewe? Huyo hajui chochote? Mimi na wenzangu wa meza za dagaa tunasema alihisi. Hakujua, alihisi, na kuhisi kwake alikutumia bila kukiri mbele ya mtu yeyote, mpaka nafikiri hata mbele ya nafsi yake.

Na msidhani nimeleta jambo jipya la Mwaloni. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, karne ya 1, kwenye barua yake ya 88 analitaja swali hilihili, je Penelope alishuku kwamba aliyekuwa mbele yake ni mumewe kabla ya kujua, na analitaja kwa dharau, anasema watu wanapoteza muda na vitu kama hivyo badala ya kujifunza kuishi. Basi ubishi una miaka kama 2,000 na bado tunao. Mwaka 1950 msomi wa Kimarekani, Philip Harsh, akaandika makala nzima kutetea kwamba alimtambua mapema, usiku ule wa sehemu ya 19. Wengine wakampinga, na wana hoja, maana baadaye yaya anapanda kumwamsha mama kumwambia bwana karudi amewaua wote na mama anasema yaya miungu imekutia wazimu. Lakini kuna shahidi mmoja nampenda. Amphimedon, mmoja wa waliouawa, roho yake ikifika kuzimu inamweleza Agamemnon jinsi walivyokwisha, inasema Odysseus alimwagiza mkewe aweke ule upinde. Marehemu anaamini walikuwa wamepanga pamoja! Anakosea, sisi wasomaji tulikuwemo chumbani tumesikia, hawakupanga. Ila hata aliyekuwepo akafa kwa mkuki wa Telemachus akiwaangalia wale wawili aliona watu wenye mpango mmoja.

Kwa nini basi asikiri baada ya kazi kuisha, damu imeoshwa, mume amekaa kwenye nguzo anasubiri? Telemachus anamfokea mama yake, una moyo mgumu kuliko jiwe. Mama anakaa upande wa pili kwenye mwanga wa moto, kimya, mara anamwona usoni mara anaona matambara. Anachosema ni kwamba kama ni yeye tutajuana, tuna alama zetu wawili ambazo wengine hawazijui.

Mnaoishi na simu mnaelewa. Jirani yangu wa meza ya pili alipigiwa, mtu analia, mama mimi mwanao nimepata ajali njiani simu imeharibika tuma hela kwa namba hii. Akamuuliza, ulipokuwa mdogo nani alikula daftari lako la hesabu? Simu ikakatwa. Ilikuwa mbuzi wa bibi yake, na tapeli hakuwa na mbuzi kwenye orodha. Lakini kulikuwa na siku mtoto kweli alipiga kwa namba ya mtu, kweli amekwama, na mama akamuuliza vilevile, na kijana akawaka, mama yaani hujui sauti yangu, mbuzi mbuzi kila siku mbuzi! Mama akakaa chini kwenye gunia akaanza kucheka huku analia. Anasema hata kabla hajataja mbuzi alishajua, kwa ile hasira, tapeli hawezi kukasirika hivyo.

Hicho ndo Penelope alichofanya na kitanda. Akasema kwa yaya, kwa utulivu, mtolee mgeni kile kitanda chetu nje ya chumba umtandikie. Kitanda kile hakitoki. Odysseus alikijenga mwenyewe, mguu mmoja ni shina la mzeituni lililo hai ardhini, chumba alikizungushia mti. Na bwana mwenye akili nyingi, aliyemwambia Polyphemus, zimwi la jicho moja, kwamba jina lake ni Hakuna Mtu akapona, aliyevumilia kurushiwa kigoda na kwato la ng'ombe nyumbani kwake bila kujitaja, akalipuka. Nani amekata kitanda changu! Akaanza kueleza kamba za ngozi na dhahabu na pembe za ndovu bila kuulizwa. Amenaswa na mkewe. Hakuna aliyemtega hivyo kwenye utenzi mzima, si Circe yule mchawi, si lile zimwi la jicho moja. Ndo magoti ya mama yakalegea akamkimbilia, akamwambia usinikasirikie, siku zote niliogopa atakuja mtu kunidanganya kwa maneno.

Na alikuwa na haki ya kuogopa. Eumaeus anaeleza, kila mzururaji anayefika Ithaca anakwenda kwa mama na habari za uongo za Odysseus apate joho na kanzu, na mama anawakaribisha wote, anawauliza kimoja kimoja, machozi yanatoka. Eumaeus mwenyewe alishaliwa na jamaa mmoja wa Aetolia aliyesema amemuona Odysseus Krete anatengeneza meli. Miaka na miaka ya hivyo. Halafu mtu anakuja na uso uliopakwa uzee na mungu, ukimwamini upesi unaitwa mjinga, ukimpima unaitwa moyo wa jiwe, na karne 27 baadaye mtu wa Nyegezi anakulinganisha na mbwa.

Kuna na jambo lingine mwenzangu amelichanganya. Kaweka kujificha kwa binadamu na kwa miungu kwenye kapu moja, na Iliad, ule utenzi wa vita yenyewe ya Troy, kaichanganya na Odyssey. Kwenye Iliad sura ya kuazima inaua. Patroclus anavaa silaha za rafiki yake Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, Wa-Troy wanadhani ni mwenyewe wanakimbia, kisha anasahau kwamba ni silaha tu anasonga mpaka ukutani na anakufa. Na Hector, shujaa wa Troy! Anakimbizwa na Achilles kuuzunguka mji mara 3, halafu anamwona mdogo wake Deiphobus ametoka nje kumsaidia, anapata moyo, anasimama. Anarusha mkuki, umedunda kwenye ngao, anageuka nyuma, mdogo wangu nipe mwingine. Hakuna mtu. Alikuwa Athena. Hapo ndo anaelewa amekwisha. Huyo ni Athena yuleyule anayempaka Odysseus makunyanzi kwa upendo. Miungu kwenye hizi tenzi wanajibadilisha kama wanavyotaka na hakuna kinachowauma, ndo maana mmoja wa wale wanaume wa Ithaca anamkemea Antinous baada ya kumpiga ombaomba kigoda, anamwambia umekosea, je kama ni mungu, maana miungu huzunguka mijini kwa sura za wageni wakiangalia nani ana adabu. Binadamu akijificha anaweka shingo yake.

Nikisema ukweli wote kuna mawili Odysseus sijamsamehe. La kwanza, kwenda kwa baba yake Laertes, mzee anapalilia mti amevaa kofia ya ngozi ya mbuzi na gauni lenye viraka, wanaume wa sebuleni wamekufa, mzee si wa kumwogopa, na bado anamdanganya ati mimi natokea Alybas, mpaka mzee anajimwagia vumbi kichwani kwa uchungu ndo anajitaja na kumhesabia miti aliyopewa utotoni, mipea 13, mitufaa 10, mitini 40. Ya nini? Mazoea tu ya uongo, mdomo umeshindwa kuacha. La pili ni wale wajakazi 12 walionyongwa kwa kamba moja ya meli. Kosa lao kulala na waliokuwa na panga nyumbani. Nani aliwauliza kama walitaka? Hapo hakuna wa kuwatega wala kuwauliza alama, hukumu imetoka moja kwa moja, na utenzi unasema miguu yao ilitupatupa kidogo, si muda mrefu. Anayetaka kuandika barua ya hasira aandike juu ya hao.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Wasomaji wanabishana kwa vipande vya kusikia. Mpe mtu anayeweza, vyuo havijakosa watu hapa Mwanza, asimulie sehemu ya 17 mpaka ya 23 kwa Kiswahili cha kawaida, wiki hadi wiki, kwenye ukurasa wa Jumamosi. Hizi kazi zilikuwa za kuimbwa mbele ya watu wanaojua tayari ombaomba ni nani, kama wapiga nanga wa kule Bukoba wanavyoimba habari za mashujaa wa Kihaya kwa wasikilizaji wanaojua mwisho, na raha yake ni hiyo, wewe unajua, wao hawajui, unataka kupiga kelele. Ukurasa wa Jumamosi ukiwa umejaa matangazo hata Jumapili sawa, sisi tunanunua. Ila mkianza wakati wa giza mtusamehe, hatutakuwa na muda wa kusoma mpaka mwezi utoke.

Muuza dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza